Chanjo, kidonge au sindano: kinga ya virusi hukaa wapi?

Mwanamke mmoja wa Faza alinishika mkono pale gatini Lamu, mimi nashuka, yeye anapanda boti ya kurudi kwao. "Shangazi, hebu niambie kweli. Ile chanjo ya ukimwi imefika huku kwetu au bado?" Dada yake anayeishi bara alikuwa amempigia simu: kadungwa sindano, kaambiwa sasa amekingwa na virusi. Nahodha alikuwa anangoja maji yajae katika mkondo wa Mkanda ndipo boti ipite, kwa hivyo tulikuwa na nafasi. Tukakaa juu ya magunia ya mchele, nikamweleza nilichoweza. Hapa nimeandika na yale ambayo muda haukutosha, maana swali lake nimeulizwa na wengi baada yake.

Jibu lenyewe ni hili: chanjo ya ukimwi haipo, hapa wala ng'ambo. Sindano aliyodungwa dada yake ipo, ni ya kweli na inazuia virusi vizuri sana, lakini ni dawa, si chanjo. Si ubishi wa maneno huo. Anayeamini kwamba amechanjwa hurudi nyumbani akijua kamaliza, kama mtoto aliyekwisha pata chanjo zote za surua. Anayejua kwamba amebeba dawa mwilini huhesabu siku, kwa kuwa dawa huisha. Nimeona watu wakiacha kurudi kituoni kwa sababu ya neno hilo moja, na inaniuma kila mara.

Basi katika kulinganisha huku, kila kinga nitaiuliza swali moja: ukiiacha, kunabaki nini?

Somo na mlinzi

Sisi watu wa pwani tunamjua somo. Bi harusi hukabidhiwa kwake, akafundwa, kisha somo akarudi zake kwao. Alichobaki nacho bi harusi ni mafunzo, na mafunzo yako kichwani mwake. Somo hahitaji kulala naye nyumba moja. Chanjo ni somo wa mwili. Huingia, huuonyesha mwili sura ya kirusi, kisha huyeyuka. Katika wiki mbili tatu chembe nyeupe za damu huwa zimeshika somo: baadhi hutoa kingamwili, ambazo hukinasa kirusi kabla hakijapenya ndani ya chembe, nyingine hujifunza kuziua chembe ambazo kirusi kimeshaziingia. Vita vya mazoezi vikiisha, askari wengi hufa, ila kikosi kidogo cha kumbukumbu hubaki, pengine kwa miaka mingi. Siku kirusi chenyewe kikija, kikosi hicho hakianzi kujifunza upya. Kinakitambua na kukiwahi.

Dawa ya kinga, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la PrEP, ni mlinzi wa kukodi. Anakesha mlangoni, na ni hodari. Lakini mwenye nyumba hajifunzi kitu kwake. Dawa ikiisha mwilini, kirusi kitaukuta mwili ule ule usiokijua.

Hata masomo hawafundi kwa namna moja. Chanjo ya surua ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Kwa kuwa ki hai, huzaliana kidogo mwilini, na mwili hupata darasa zima bila kuugua. Ndiyo maana hapa Kenya mtoto hupewa mara mbili tu, miezi 9 na miezi 18, pamoja na ya rubela, na wengi hukingika maisha yao yote. Chanjo ya homa ya ini ya aina B ni kinyume chake. Ndani yake hamna kirusi, hai wala mfu. Mna kipande cha ganda lake la nje tu, kilichotengenezwa ndani ya chembe za hamira, jamaa ya hii tunayoumulia mahamri. Kipande peke yake ni mwalimu mwenye sauti ndogo, kwa hivyo huchanganywa na chumvi ya alumini ili kuuamsha mwili, na somo hurudiwa: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ndani ya ile sindano moja yenye chanjo tano. Ile ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019, ni maganda matupu ya kirusi. Huna cha kuogopa ndani yake. Haiwezi kukuambukiza, maana kirusi chenyewe hakimo.

Kwa polio, kina mama huniuliza: matone au sindano, ipi bora? Matone ni virusi hai vilivyodhoofishwa, hupita njia ile ile ya ugonjwa, yaani mdomoni hadi matumboni, kwa hivyo hulinda utumbo na kuzuia kirusi kisitoke chooni kwenda kwa mtoto wa jirani. Sindano ni virusi vilivyouawa. Huijaza damu kingamwili, ikamlinda mtoto asipooze, lakini utumbo haiulindi sana. Matone nayo yana dosari yake: penye watoto wengi wasiochanjwa, kirusi kile dhaifu chaweza kuzunguka muda mrefu hadi kikarudisha ukali. Mimi sichagui hapa, na wewe usichague. Kadi ya mtoto ina vyote viwili kwa sababu kimoja hufanya kisichofanywa na kingine.

Tofauti hizi nilizifahamu vizuri ndani ya boti kuliko darasani. Nilimsindikiza muuguzi mmoja kwenda Kizingitini, kasha la barafu kaliweka kati ya miguu yake, kalifunika leso lisipigwe na jua. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzijoto 2 na 8. Surua haistahimili joto; ya homa ya ini haistahimili kuganda, ikigusana na barafu kali imeharibika hata kama kwa macho haina kasoro. Muuguzi alinionyesha alama kwenye kichupa cha surua: duara la rangi, ndani yake mraba mweupe. Kila joto linapokigusa kichupa, mraba hukolea rangi. Ukifikia rangi ya duara, kichupa hakitumiki tena. Ule wa kwetu ulikuwa bado mweupe tulipofika. Watoto waliokuja ni wawili. Kichupa kina dozi 10, na kikishachanganywa na maji yake hakivuki saa 6. Akakivunja, akawadunga wawili, zilizobaki zikamwagwa jioni. Mzee mmoja aliona ni israfu. Muuguzi alimjibu kwa adabu: "Babu, zile nane zilizomwagika zitaletwa nyingine. Hawa wawili nikiwaacha leo, sijui nitawapata lini."

Mbona somo kashindwa na ukimwi?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira yake naielewa. Ndui ilimalizwa na chanjo. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, mwaka 1977. Merca ni pwani hii hii yetu, ukipita Kismayu na Barawa. Hakuwa amechanjwa, aliogopa sindano. Alipona, na baadaye akatumia nguvu zake kuhimiza chanjo ya polio hadi alipofariki mwaka 2013. Ndui ikatangazwa kutoweka duniani mwaka 1980. Kirusi cha ukimwi kilitambuliwa mwaka 1983, na chanjo yake mpaka leo haijapatikana.

Sababu kubwa kuliko zote ni hii. Ndui, surua, homa ya manjano: walionusurika walibaki na kinga. Mwili ulikwisha onyesha kwamba unaweza, na kazi ya watengeneza chanjo ilikuwa kumuiga aliyepona. Kwa ukimwi hakuna wa kumuiga. Mwili ukiachwa peke yake haukifukuzi kirusi hiki. Hutoa kingamwili, naam, na hizo ndizo kipimo cha kidole huzitafuta, lakini zinachelewa. Kirusi kinapojinakili hukosea kosea, na kila kosa ni sura mpya. Kingamwili zinapoijua sura ya jana, kirusi kimeshavaa nyingine. Ganda lake nalo limefunikwa na sukari zilizotengenezwa na mwili wetu wenyewe, kwa hivyo askari wakilitazama huona kama la nyumbani.

Kisha tazama kinamshambulia nani. Chembe za CD4, ambazo watu huzijua kwa ule mtihani wa damu wa kliniki, ndizo manahodha wa kinga. Ndizo huwaambia wenzao waanze kazi. Kirusi hiki huwaingia hao hao. Na katika siku chache tu za mwanzo hujichomeka ndani ya vinasaba vya chembe, kikalala humo kimya. Surua ukiichelewesha siku mbili, mwili bado utashinda. Kwa ukimwi siku mbili tatu ni nyingi mno: kirusi kikishalala ndani hakitoki. Kwa hivyo chanjo yake haitoshi kupunguza makali kama zinavyofanya nyingine. Inatakiwa ikute mlango umefungwa siku ya kwanza, mbele ya sura zote za kirusi.

Wamejaribu, na si kidogo. Thailand, mwaka 2009, majaribio yalionyesha kupunguza maambukizi kwa asilimia 31 hivi. Tangu hapo hakuna aliyefika juu zaidi. Afrika Kusini walisimamisha yao mwaka 2020 baada ya kuona walio na chanjo na wasio nayo wanaambukizwa sawasawa. Mwaka 2021 yakasimama ya wanawake wa nchi tano za kusini mwa Afrika, na Desemba 2023 yale ya Uganda, Tanzania na Afrika Kusini. Nairobi nako kumekuwa na majaribio tangu 2001. Watu waliojitolea katika kazi hiyo nawaombea kheri, kwa sababu wapo wanaowasingizia kwamba walitiwa virusi. Hawakutiwa. Chanjo zile zilibeba vipande tu, na kipande hakiwezi kuwa kirusi.

Sasa njia imegeuzwa. Kuna watu wachache wanaoishi na virusi ambao, baada ya miaka, miili yao hutoa kingamwili zinazonasa sura nyingi za kirusi kwa pamoja. Wao wamekwisha chelewa, lakini wameonyesha kwamba mwili waweza. Watafiti wanajaribu kuufundisha mwili kwa ngazi: sindano ya kwanza kuziamsha chembe adimu zinazoweza kuzaa kingamwili hizo, zinazofuata kuzielekeza. Matokeo ya ngazi ya kwanza yalichapishwa mwaka 2022: kati ya watu 36, chembe hizo ziliamka kwa 35. Kuamka si kukingwa. Naona ni habari njema hata hivyo, na nina subira nayo.

Kuchagua kwa leo

Kwa hivyo mwenye kuhofia virusi leo hachagui kati ya chanjo na dawa. Anachagua mlinzi yupi atamuweza. Wote wana sharti moja: upime kwanza, na uendelee kupima, kwa sababu dozi ya kinga haitoshi kumtibu aliyekwisha ambukizwa, na virusi vitajifunza kuishinda dawa.

Kidonge cha kila siku ndicho cha zamani, na ndicho rahisi kukipata. Kenya ilianza kukitoa kwa mpango wa taifa mwaka 2017. Kimejaribiwa hapa hapa kwetu: kwa wanandoa wa Kenya na Uganda ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, kidonge chenye dawa mbili kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Lakini kidonge hicho hicho, kilipopewa wanawake katika jaribio jingine la Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, hakikuonyesha faida. Dawa haikuwa imepungua nguvu. Walipopima damu, wengi hawakuwa nayo mwilini. Wale wanandoa walikuwa na wa kuwakumbusha, na hawakuwa na wa kujificha; wanawake wale huenda wengine walikuwa wanaficha chupa.

Ndiyo maana swali langu kwa mtu si "unaogopa kidonge?" bali "utakiweka wapi?" Chupa ya vidonge ikitikisika hulia kama njuga, na nyumba zetu ukuta ni mmoja. Nawajua kina mama wanaovifunga vya wiki katika pindo la leso. Mvuvi anayekwenda dago Kiwayu na kulala huko siku kumi anaweza kuvichukua, mradi avihesabu kabla ya kutoka na avikinge na maji ya chumvi. Ramadhani haina tatizo: meza baada ya kufuturu, kila usiku saa ile ile. Mwanamke ajipe siku 7 za kumeza kabla ya kukitegemea. Wiki za mwanzo huenda ukasikia kichefuchefu au kichwa, kisha hupita. Mwenye maradhi ya figo aseme mapema. Mwenye homa ya ini B pia, kwa sababu kuacha kidonge ghafla kwaweza kuichochea.

Ukiacha, kunabaki nini? Baada ya siku chache, hakuna kitu. Hiyo ni dosari yake na ni uzuri wake: ukitaka kuacha, unaacha.

Sindano ya kila miezi 2, cabotegravir, hudungwa kalioni. Wanawake wa nchi saba za Afrika, Kenya ikiwemo, walilinganishwa: waliodungwa walipata maambukizi pungufu kwa karibu asilimia 90 kuliko waliopewa kidonge. Hakuna chupa ya kuficha. Kwa mtu wa mjini Lamu au Malindi, ambaye kituo ni mwendo wa miguu, ningemshauri bila kusita. Kwa mtu wa Pate au Kiwayu nasita. Kusi likichafuka, boti hazitoki, na miezi 2 haingoji bahari. Ukiacha kunabaki mabaki ya dawa kwa miezi mingi, kidogo mno kukulinda ila yanatosha kumfundisha kirusi ujanja. Anayeacha sindano hii huku bado yuko hatarini ahamie kwenye kidonge, asikae tu.

Sindano ya kila miezi 6, lenacapavir, ndiyo iliyonifanya nirudie kusoma mara mbili. Katika jaribio la wasichana na wanawake vijana wa Uganda na Afrika Kusini, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2024, waliodungwa walikuwa 2,134. Aliyeambukizwa miongoni mwao hakuwepo hata mmoja. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliipendekeza Julai 2025. Hudungwa chini ya ngozi ya tumbo, na siku ya kwanza na ya pili humezwa vidonge vyake pia. Huacha kijivimbe kidogo kinachopapaswa kwa kidole. Ni dawa iliyotuama pale ikitoka polepole, usikikande. Mkia wake nao ni mrefu, kwa hivyo onyo la kuacha ni lile lile. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu amwambie daktari kabla ya sindano yoyote kati ya hizi mbili, kwani hupunguza nguvu zake.

Kwa visiwa vyetu, hii ndiyo ningeichagua. Moja kaskazi, moja kusi, na mtu akajipangia safari yake kabla bahari haijabadilika. Si kila kituo kinayo, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa nauli.

Yaliyobaki ni ya haraka. Pete ya ukeni ya mwezi mmoja ipo, lakini kinga yake ni ndogo kuliko hizi. Tohara humpunguzia mwanamume hatari kwa takriban asilimia 60, na wapo vijana wetu wanaodhani imewamalizia, haimlindi mke. Na mlinzi yeyote kati ya hawa hajui kaswende, kisonono wala mimba. Kondomu inavijua vyote vitatu.

Dharura ni mlango wake. Mtu akiumwa na mbwa mwenye kichaa, huchanjwa baada ya kuumwa na bado huokoka, kwa sababu kirusi kile hutambaa polepole kwenye neva na somo huwahi kufundisha. Kwa ukimwi somo hangewahi hata angekuwepo. Kwa hivyo aliyebakwa, au aliyepasukiwa na kondomu, hupewa dawa za siku 28, na sharti aanze ndani ya saa 72. Kila saa ya mapema ni bora. Aliye Ndau au Kiwayu asingoje boti ya asubuhi ya keshokutwa.

Na ambaye ameshaambukizwa, chanjo za magonjwa mengine bado ni zake. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi hupewa surua ya nyongeza akiwa na miezi 6, kwa kuwa hatari yake ni kubwa. Anayemeza ARV, yaani dawa za kuvidhibiti virusi vya ukimwi, hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kitandani. Mke wa mtu kama huyo, mumewe akiwa imara hivyo, huenda asihitaji mlinzi mwingine.

Yule wa Faza alinisikiliza mpaka nahodha alipoita. Mumewe hushinda dago miezi, na ana sababu zake za kuogopa ambazo sitazitaja. Akauliza jambo moja tu: "Kwa hivyo nikiacha, mwili wangu hautakuwa umejifunza kitu?" Nikamwambia hapana, mwanangu, si kwa hii. Alianza vidonge wiki iliyofuata, kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo kituoni, na huvifunga pindoni. Tukikutana gatini hanisalimu kabla ya kuniuliza: "Shangazi, ile ya kaskazi na kusi imefika?"